Chuma cha kujivuta mlangoni: nyumba yako ya Goma inakubali kipi?

Mtu akitaka kununua chuma cha kujivuta, yaani upau wa mlangoni unaoning'inia na kujiinua mpaka kidevu kipite juu yake, swali lake la kwanza ni kipi kina nguvu zaidi. Ni swali la kupoteza muda. Bomba la chuma linalotosha upana wa mlango, lenye unene wa kawaida, linambeba mtu wa kilo 100 bila kupinda. Kinachoshindwa ni mlango wenyewe. Miimo inaachana, ubao wa juu unang'oka na misumari yake, plasta inamomonyoka, na mwenye nyumba anajikuta amekaa sakafuni. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha vyuma, simama kwenye mlango wako, gonga miimo kwa ngumi, pitisha mkono kwenye kizingiti cha juu, kisha upime upana.

Vyuma vinavyotufikia Goma, vingi kutoka China, havikubuniwa kwa milango yetu. Tazama picha kwenye katoni: ni mlango wa nyumba ya Marekani. Ukuta wa ndani wa huko ni fremu ya mbao iliyofunikwa pande mbili kwa mabamba ya jasi, na unene wake wote ni kama sentimita 11 na nusu. Kuzunguka mlango kuna ubao mpana wa urembo uliotokeza mbele ya ukuta, huku na kule. Mtengenezaji aliwaza mlango huo.

Huku kwetu, hata baada ya lava ya Januari 2002 kukata mji hadi ziwani, watu wengi walijenga upya kwa mbao juu ya mawe meusi, na nyumba za mbao bado ni nyingi Majengo, Mabanga na Ndosho. Wengine wana nyumba za mawe au matofali ya sementi, zenye kuta nene na fremu za mbao zilizoshikwa na sementi. Wengine wana milango ya chuma, fremu na mlango vyote vimechomelewa na fundi wa kartie. Halafu kuna uwazi usio na mlango kabisa, ule wa pazia kati ya saluni na korido, ambao watu huusahau ingawa mara nyingi ndio bora kuliko yote. Hauna komeo wala bawaba za kukusumbua.

Kwa milango hiyo minne kuna vyuma vya aina nne. Nitaviita chuma cha ndoano, chuma cha kukaza, chuma cha skrubu na chuma cha fundi.

Chuma cha ndoano

Hiki ndicho kinachopendwa zaidi kwenye picha, na ndicho kinachofaa nyumba chache zaidi hapa. Unakipachika bila skrubu hata moja. Nyuma kina mkono unaopanda juu ya mlango na kukaa kwenye ubao wa urembo wa upande wa pili. Mbele kina bomba refu linaloegemea miimo ya upande wako. Ukining'inia, uzito wako unataka kukizungusha: nyuma kinakandamiza ubao chini, mbele kinasukuma miimo. Kadiri unavyovuta ndivyo kinavyojibana. Kwa mlango sahihi, ni wazo zuri sana.

Sasa mlango sahihi ni upi? Kwanza uwe na huo ubao uliotokeza, walau sentimita moja, na uwe umeshikwa sawasawa, kwa sababu uzito wako wote wa kwenda chini unakaa juu yake. Pili, ukuta usizidi unene ambao mkono wa chuma unaweza kuvuka. Vingi vinaishia kwenye sentimita 15 au 16. Tofali la sentimita 15 likipigwa plasta pande zote mbili tayari limepita hapo, na ukuta wa mawe ya volkano umepita mbali. Tatu, upana. Vingi vimepimwa kwa mlango wa sentimita 61 hadi 81, vingine hadi 91, na milango yetu mingi ya mbele ina 90.

Mwenye nyumba ya mbao atasema ukuta wake ni mwembamba, basi kitaingia. Kweli, kitaingia. Lakini nenda nyuma ya mlango uangalie kitakalia nini. Mara nyingi ni kipande cha ubao kilichopigiliwa kwa misumari mitatu ili kuficha mwanya wa upepo. Hakikuwekwa pale kubeba mtu. Ukitaka kutumia chuma cha ndoano kwenye nyumba ya mbao, mwite fundi mbao aondoe kipande hicho, aweke ubao mnene wa sentimita nne uliofungwa kwa skrubu hadi kwenye nguzo mbili za mlango. Ni kazi ya saa moja. Baada ya hapo kitakaa vizuri, na utakuwa miongoni mwa wachache wanaofaidi faida yake kubwa: mikono yake iko mbele ya ukuta, si ndani ya uwazi wa mlango, kwa hiyo kichwa kikipanda hakigongi kizingiti. Pia kina mishikio ya aina tatu, mpana, mwembamba, na ule wa viganja kutazamana ambao viwiko huupenda. Ukikishusha chini sakafuni, unapigia pushapu.

Kwenye mlango wa chuma, kisahau. Hakuna pa kukalia.

Chuma cha kukaza

Ni bomba mbili, moja ndani ya nyingine, zenye uzi wa skrubu katikati na mipira kwenye ncha. Unakiweka kati ya miimo, unakizungusha, kinarefuka mpaka kinabana. Ndicho cha bei ndogo kuliko vyote vya dukani na ndicho rahisi kubeba; mtu anaweza kuvuka nacho mpaka wa Rwanda pale Petite Barrière chini ya kwapa. Ndicho pia kinachoangusha watu.

Sababu ni hesabu ya kawaida. Hakuna kitu chini yake kinachokizuia kushuka, ni msuguano wa mpira tu. Chukua mtu wa kilo 80. Kila ncha inabeba 40. Kama mpira unashika kwa kiwango cha nusu ya nguvu inayousukuma, basi lazima kila mwimo usukumwe kwa nguvu ya kilo 80 ili chuma kisishuke, na hapo hujaweka akiba yoyote. Ukikirukia badala ya kukishika taratibu, mzigo wa ghafla unaweza kufika mara mbili ya uzito wako. Na rangi ya mafuta, ile inayong'aa ambayo tunaipenda kwenye miimo kwa kuwa inafutika, inapunguza msuguano huo.

Fikiria tena nguvu ile inakwenda wapi. Inasukuma miimo iachane. Kwenye ukuta wa mawe na sementi, miimo haina pa kwenda, na chuma kinakaa. Kwenye nyumba ya mbao, nguzo mbili za mlango zimesimama kwa misumari na kwa mazoea. Zinaachana kidogo kidogo. Dalili ya kwanza haionekani kwenye chuma: ni komeo la mlango lisilofika tena kwenye tundu lake, au mwanya mpya upande wa bawaba. Ukiona hivyo, toa chuma siku hiyohiyo. Kwenye fremu ya chuma ya bati jembamba, bati linabonyea ndani, mbano unapungua, na wewe hujui mpaka uko chini.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni mkali: chuma cha kukaza ni cha mlango wa ukuta wa mawe au matofali tu, wenye miimo ya mbao iliyoshikamana na ukuta au plasta ngumu isiyotoa sauti ya uwazi ukiigonga. Uwazi wa pazia wa nyumba ya matofali unakifaa sana. Pima upana pale kitakapokaa, si chini kwenye kizingiti, kwani milango iliyotengenezwa kwa mkono haina upana mmoja juu na chini. Nunua saizi ambayo haitalazimika kurefuka mpaka mwisho. Bomba la ndani likibaki limeingia kwa urefu mzuri ndani ya la nje, ndipo penye nguvu. Futa miimo kwa kitambaa kikavu. Ukishakaza, chora mstari wa kalamu kuzunguka kila mpira, ili uone kama umeshuka hata milimita mbili.

Vingi vya hivi siku hizi huja na vikombe viwili vidogo vya kufunga kwenye miimo kwa skrubu, vya kukalia ncha. Watu huviacha ndani ya katoni kwa sababu hawataki kutoboa. Mimi nasema vifunge. Ukivifunga, chuma cha kukaza kimegeuka kuwa cha aina inayofuata, na hatari kubwa imeondoka.

Kina kazi moja ambayo hakuna kingine kinachoifanya vizuri kama chenyewe: kukaa chini. Kiweke kwenye usawa wa kiuno, lala chini yake miguu mbele, jivute kifua kifike kwenye chuma. Ni zoezi zuri la mgongo kwa asiyeweza bado kujiinua, na hata kikiteleza huanguki kutoka juu sana.

Chuma cha skrubu

Hapa chuma kinakaa ndani ya vikombe au vibao viwili vilivyofungwa kwa skrubu kwenye miimo. Uzito unakwenda moja kwa moja chini kupitia skrubu, hausukumi miimo kuachana. Ndiyo maana kwa nyumba ya mbao hiki ndicho chaguo la kwanza, hata kama ni kinyume cha anavyodhani mtu, kwamba nyumba dhaifu isitobolewe. Kutoboa vizuri kunaiumiza nyumba ya mbao kidogo kuliko kuisukuma kila siku.

Sharti ni kupata mbao yenyewe. Usifunge kwenye ubao wa ukuta. Funga kwenye nguzo. Gonga, sikiliza panapojaa, au tazama mistari ya misumari ilivyopangwa. Nguzo nyingi ni za mkaratusi, mti mgumu ambao ukiwa mbichi hupasuka unapokauka. Kwa hiyo toboa kwanza tundu jembamba, milimita nne kwa skrubu ya milimita sita, na skrubu iingie sentimita sita au saba. Usipotoboa kwanza, mkaratusi unapasuka kwa urefu na kikombe chako hakina kitu. Fremu za libuyu, ile mbao nyekundu, zinashika skrubu vizuri na hazichezi sana, na mtu aliyezilipia hapendi kuzitoboa. Namwelewa.

Kwenye mawe na matofali kazi inabadilika. Plasta haishiki kitu. Lazima tundu lipite plasta liingie ndani ya tofali au jiwe, kisha uweke plastiki ya kushikia skrubu au, bora zaidi, boliti ya kupanuka. Jiwe la volkano lina tabia mbili: sehemu nyingine ni ngumu hadi drili inalia, nyingine ina matundu kama sifongo na haishiki. Ukiangukia kwenye matundu, hamisha kikombe sentimita tano. Usijaribu kuziba tundu kwa njiti na gundi, jambo ambalo mafundi wengine hufanya huku wakikutazama usoni.

Kasoro kubwa ya chuma cha skrubu, na ya cha kukaza pia, ni kichwa. Chuma kiko ndani ya uwazi wa mlango, na ili kidevu kipite juu yake unahitaji nafasi ya sentimita 25 hivi kati ya chuma na kizingiti cha juu. Mlango wa mita mbili ukiondoa 25 unabaki na chuma kwenye mita 1.75. Hapo mtu wa urefu wa kawaida anafanya mazoezi magoti yakiwa yamekunjwa kabisa, nyayo nyuma. Inafanyika, lakini ifikirie kabla ya kutoboa. Mlango wenye dirisha dogo la hewa juu, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi za zamani za Himbi na Katindo, una nafasi zaidi endapo hilo dirisha liko wazi bila kioo.

Na uliza mlango unafungukia upande gani. Vikombe viwekwe upande ambao mlango haupiti, vinginevyo utalazimika kuchagua kati ya mgongo mpana na kulala mlango ukiwa umefungwa.

Chuma cha fundi

Hiki hakina katoni. Unanunua bomba la maji la chuma kwenye duka la vifaa vya ujenzi, unakwenda kwa fundi wa kuchomelea, mnakubaliana. Kwa mwenye mlango wa chuma, sioni sababu ya kutafuta kingine.

Chagua bomba kwa unene wa mkono. La inchi moja lina upana wa nje wa milimita 33 na kitu, la robo tatu ya inchi lina karibu 27. Upau wa jimnastiki wa mashindano ni wa milimita 28, kwa hiyo lile la robo tatu linakaribia kabisa kile wanachoshika wataalamu, na kwa upana wa mlango linatosha kwa nguvu. Lile la inchi moja linajaza kiganja na kuchosha vidole mapema. Lichukue kama chuma kitakuwa kirefu, kwa mfano kati ya nguzo mbili uani, au kama mikono yako ni mikubwa.

Kwa fremu ya chuma, fundi akate vikombe viwili kutoka bomba pana zaidi. Bomba la inchi moja na robo linapokea la inchi moja kwa ndani na kubaki na nafasi ya milimita mbili hivi. Avichomelee kwenye fremu vikiwa vimefunguka juu, ili chuma kiingie na kutoka. Fremu ikiwa ya bati jembamba, aweke kwanza kibamba nyuma ya kikombe kitawanye mzigo. Na akwangue zinki pale anapochomelea, afanye kazi nje: moshi wa zinki ukivutwa unaleta homa na kutetemeka usiku, na mafundi wengi wanaoipata homa hiyo huilaumu malaria.

Fremu yenyewe imeshikwaje ukutani? Itikise. Kama ina miguu ya chuma iliyozikwa kwenye sementi, vizuri. Kama ilisimamishwa kwa kabari na plasta, hata kazi nzuri ya kuchomelea haisaidii.

Wenye parsele yenye nafasi hujiuliza kwa nini wasisimamishe nguzo mbili nje na kuachana na milango. Ni wazo zuri, na urefu unakuwa huru. Nguzo zizikwe kwa zege. Lakini hapa kuna volkano. Mvua inayopita kwenye moshi wa Nyiragongo inakuja na asidi, na kila mwenye bati anajua inavyolila. Chuma cha nje kinataka rangi ya kuzuia kutu, na kuangaliwa pale kwenye maungio. Jambo la pili ni kwamba chuma cha nje si chako. Kufikia Jumapili ni bembea ya watoto wa parsele nne na kamba ya kuanikia nguo za mama wote wa jirani, na hakuna adabu ya kuwafukuza.

Vikiwekwa kando kwa kando

Kwa bei, cha kukaza kiko chini kabisa, kisha cha skrubu, kisha cha ndoano. Cha fundi hakina bei moja: kinategemea bomba, vijiti vya kuchomelea, na kama fundi ana umeme siku hiyo au anawasha jenereta, kwa maana mafuta yatalipwa na wewe. Mara nyingi kinashindana vizuri na cha ndoano, na kitadumu kuliko nyumba.

Kwa mpangaji hesabu ni nyingine. Kuna garanti uliyompa mwenye nyumba, na tundu la skrubu kwenye fremu ni sababu nzuri ya kuikata. Mwambie mapema. Ukimweleza kwamba utaacha vikombe au utaziba kwa mbao na rangi, wengi hukubali; ukikaa kimya, atalipata tundu hilo siku ya kuhama. Asiyekubali kabisa anakuacha na cha kukaza kama una ukuta wa matofali, au na cha ndoano kama una bahati ya ubao wa urembo. Mpangaji wa chumba cha mbao ambaye mwenye nyumba hataki tundu hana chuma cha mlangoni kitakachomfaa. Aende kwenye nguzo za magoli za uwanja wa karibu asubuhi, au akatafute jirani mwenye parsele.

Kelele pia ina nafasi yake. Kwenye nyumba ya mbao, kila ukijivuta jirani anajua idadi. Cha ndoano ndicho kinacholia zaidi, kwa kuwa kinacheza kila ukishuka. Kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu chini ya mkono wake kinakituliza, na kinazuia kukwaruza rangi.

Kama nyumba ni ya matofali na una uwazi wa pazia, nunua cha kukaza na ufunge vikombe vyake. Kama ni ya mbao, cha skrubu kwenye nguzo. Mlango wa chuma, kwa fundi. Cha ndoano nakiweka kwa wale wenye nyumba mpya za Himbi au Kyeshero ambao fundi mbao wao aliweka ubao wa urembo mnene, ukuta ukiwa mwembamba. Hao wapo, na wakikipata hawatatamani kingine.

Kukijaribu kabla ya kukipanda

Kilo zilizoandikwa kwenye katoni ni za chuma kwenye mlango wa kiwandani. Za mlango wako utazipima mwenyewe, na Goma ina kipimo kila nyumba: bidoni ya lita 20. Ikijaa maji ni kilo 20, pamoja na uzito mdogo wa plastiki. Funga mbili kwa kamba, zining'inize katikati ya chuma, subiri. Ongeza hadi zipite uzito wako, yaani kwa mtu wa kilo 70, bidoni nne. Ziache robo saa huku ukitazama mistari ya kalamu, vichwa vya skrubu, na pembe za juu za fremu. Ziweke karibu na sakafu, ili kama kitu kitashindwa, kianguke kidogo na maji yasifike kwa jirani wa chini ya mteremko.

Mtihani huo urudie baada ya tetemeko. Baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021 ardhi ilitikisika siku nyingi mfululizo na kuta nyingi zikapata nyufa. Ufa mwembamba kwenye pembe ya mlango hauzuii mtu kuishi ndani, lakini unatosha kulegeza chuma cha kukaza. Hata bila tetemeko, kaza kila siku kabla ya kuning'inia, na skrubu uzitazame mara moja kwa mwezi, hasa kama nguzo ni za mkaratusi mpya unaoendelea kukauka.

Kukitumia

Shika taratibu, usiruke. Kama chuma kiko juu, tumia kigoda. Usijirushe miguu mbele na nyuma ili kupata kasi. Watu hufanya hivyo kwenye vyuma vilivyofungwa kwa boliti sakafuni, na mlango si mahali pake. Kuinua magoti kifuani kunaruhusiwa, polepole.

Viganja vikitazama mbele, kazi kubwa inakwenda kwenye misuli mipana ya mgongo. Vikikutazama wewe, misuli ya mbele ya mkono inasaidia zaidi, na wengi hupata mvuto wao wa kwanza kwa mshiko huo. Anza nao, hakuna aibu.

Asiyeweza kujivuta hata mara moja aanze kwa kuning'inia tu, sekunde 20 au 30, mabega yakiwa yameshikwa, si kulegea hadi masikioni. Kisha avute mabega chini bila kukunja viwiko. Kisha apande kwa kigoda hadi kidevu kiwe juu ya chuma na ashuke kwa sekunde tatu hadi tano. Kushuka huko ndiko kunakojenga nguvu kwa haraka, na ndiko kunakoleta maumivu ya kesho yake, kwa hiyo mara tano kwa awamu tatu zinatosha, mapumziko ya dakika mbili katikati, siku mbili au tatu kwa wiki zisizofuatana.

Duka la michezo litakuuzia mipira ya rangi ya kukusaidia kupanda. Mipira ya ndani ya magurudumu, ile wanayofungia mizigo kwenye pikipiki na kwenye chukudu za mbao, inafanya kazi ileile: funga kitanzi kwenye chuma, weka goti ndani. Chagua wa gari, si wa baiskeli, ukate upana wa vidole vinne, na kila mara uvute uangalie nyufa ndogo. Ukikatika unarudi usoni kwa kasi.

Bomba la zinki likilowa jasho linateleza. Sparadra ya kitambaa kutoka famasi, ikizungushwa mara mbili pale unaposhika, inatosha, ibadilishe ikichafuka. Malengelenge yakianza, punguza, usiyapasue. Maumivu ya misuli ni ya kawaida, lakini maumivu makali mbele ya bega au ndani ya kiwiko yanayokaa zaidi ya wiki yapelekwe kwa mtaalamu wa viungo, na aliyewahi kuteguka bega amwone kabla ya kununua.

Ukimaliza, toa chuma kwenye vikombe vyake ukisimamishe nyuma ya mlango. Watoto hawatakifikia bila wewe kujua. Na umeme ukikatika usiku, chuma kilichoachwa kwenye korido kwa urefu wa mita 1.75 kiko kwenye paji la uso la kila mgeni mrefu.